Godauni la Maili Nne

Mbuthia alipokufa aliacha vitu viwili ambavyo majirani hawakujua wavifanyie nini: mjane asiyelia na godauni lisilo na kitu ndani. Watu wa Maili Nne waliona heri wazungumze juu ya godauni.

Hawakuwa watu wabaya. Godauni lilionekana, basi. Lilisimama kando ya barabara ya kwenda Turbo, kuta za mawe na mabati ya kijani, na kila aliyepita aliuona mlango wake mkubwa umefungwa wiki baada ya wiki akasikitika kwa niaba ya mwenyewe. Miaka yote Mbuthia alinunua mahindi ya wakulima wakati wa mavuno, akayaweka humo, akangoja bei ipande. Sasa mnunuzi hayupo, na mjane wake, Kabura, hakuwa na mtaji wala kichwa cha biashara hiyo. Aliishi katika nyumba ndogo nyuma ya godauni. Aliamka, akafagia ua, akachemsha chai, akaisahau mezani mpaka ikafanya utando.

Aliingoja huzuni kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja mchana. Mchana umepita, chakula kimepoa, na mwenye nyumba anaanza kuona afadhali mgeni mwenyewe asije tu. Siku ya mazishi alisimama wima, akawashukuru watu mmoja mmoja, akakumbuka mpaka kuuliza kama madereva wamekula. Wanawake wa kanisani walisema Mama Nyakio ana moyo wa chuma. Kabura aliwasikia na hakuona haja ya kuwasahihisha. Kwa hesabu yake hakuwa na moyo wowote, wa chuma wala wa nyama.

Nyakio, binti yake wa pekee, alifanya kazi Nairobi na kukaa Ruiru. Alikuja mwezi wa tano, akatembea ndani ya godauni huku viatu vyake vikitoa mwangwi, kisha akarudi jikoni.

"Mum, hii iuzwe. Wanunuzi wako. Alafu uje tukae na mimi. Hapa unabaki kufanya nini?"

"Nitabaki," Kabura alisema.

"Kufanya nini, Mum?"

Kabura hakujua. Alisema atabaki kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo. Kisha akatafuta sababu, akaipata moja: Mbuthia alizikwa Chepsaita, kwenye kishamba chao, na kutoka Maili Nne mtu anaweza kwenda asubuhi akapalilia kaburi na kurudi kabla ya chakula. Nyakio alimtazama sana. Mwishowe wakakubaliana hivi: mpaka Krismasi. Godauni likiwa linaingiza cha kumlisha mama na kulipa mlinzi, mama atabaki. Lisipoingiza, litauzwa, na mama atahamia Ruiru bila ubishi.

Ushauri ulimiminika. Maili Nne inaweza kukosa maji, inaweza kukosa stima, lakini ushauri hapo haujawahi kukatika. Mpangaji wa kwanza alikuwa mchungaji aliyekuwa na waumini na vipaza sauti ila hakuwa na kanisa. Alilipa vizuri. Shida ni kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu, na mvua ya Eldoret hunyesha mchana, na mara kwa mara huja na mawe. Mawe yalipoanza kupiga mabati, mchungaji aliinua sauti. Mbingu nazo zikainua. Baada ya Jumapili kadhaa za kushindana na Mungu juu ya paa, alihamishia kondoo wake kwenye ukumbi wenye dari.

Akaja Angeline, mama mwenye biashara ya kukodisha hema na viti vya sherehe. Huyu Kabura alimpenda, kwa jinsi mtu aliyekufa ganzi anavyoweza kupenda. Lakini viti vya Angeline havikai mahali. Kila Alhamisi vinapakiwa kwenda matanga, kila Jumatatu vinarudi na matope ya makaburini, na siku moja Kabura akajikuta anavifuta kimoja kimoja akijaribu kukumbuka ni kipi alikikalia siku ya kumzika Mbuthia. Hakukitambua, wala hakusikia uchungu. Angeline alipopata stoo karibu na mjini akaondoka, waliagana kwa chai. Baada yake kijana wa chuo kikuu alikuja kuotesha uyoga gizani. Aliongea juu ya uyoga kwa mwezi mzima kwa ufasaha mkubwa. Uyoga haukusema lolote.

Mavuno yalipokaribia, Ouma alibisha mlangoni. Ouma alikuwa mpakiaji, mtu mzima wa mabega mapana, na alikuwa amembebea Mbuthia magunia tangu godauni lijengwe.

"Mama, wewe huna pesa ya kununua mahindi," alisema bila kuzunguka. "Lakini paa si unayo? Watu wako na mahindi na hawana paa. Mvua hii itawamaliza. Waweke hapa, walipie nafasi kila mwezi. Bei ikipanda kila mtu anachukua yake."

Kabura aliona ni sawa. Siku hizo aliona kila kitu ni sawa.

Mahindi yakaja, kwa pikipiki, kwa mikokoteni ya punda, kwa matrela. Kazi ya kupokea aliijua kwa kuwa alimwona mumewe akiifanya maisha yake yote. Unachukua bambo, kile kichuma chenye tundu na ncha kali, unakidunga kwenye gunia, mbegu zinateleza kiganjani. Unauma moja. Kavu inapasuka kwa mlio. Mbichi inabonyea. Ikibonyea, unamwambia mwenyewe arudi akaanike tena, na yeye ananuna, na wewe unamwacha anune, kwa sababu gunia moja bichi likiingia katikati ya makavu linaoza na majirani zake. Kabura alirudisha trela zima la mkulima tajiri wa Moi's Bridge na uso wake haukubadilika hata kidogo. Ouma alifurahi. Alisema mama huyu ni Mbuthia mwenyewe.

Kisha akaja Kipkoech.

Kipkoech alipakana nao Chepsaita, ua kwa ua. Mbuthia alipofariki, ndiye aliyeleta trekta na trela la kuni, maziwa kwenye madebe, na vijana wa kuchimba kaburi. Mvua ilipoanza watu wakakimbilia hemani, Kipkoech alibaki na koleo akisawazisha udongo mpaka mwisho, suti yake moja ikiwa imelowa hadi magotini. Sasa alisimama mlangoni pa godauni, kofia mkononi.

"Mama Nyakio, nimeleta kidogo. Nimesikia unaweka."

Ouma alimpa Kabura bambo. Kabura alilishika, akamtazama Kipkoech, akatazama magunia yake. Kulidunga gunia la mtu huyu, kutoa mbegu na kuiuma mbele yake, kungekuwa ni kumwambia: sikuamini. Alilirudisha bambo kwa Ouma.

"Ingiza," alisema. "Hayo ya nyumbani."

Ouma alilitia bambo mfukoni. Yaliingizwa, yakapangwa katikati kabisa, mahali pa heshima.

Desemba ikaingia na godauni limejaa. Waliokuwa wakilipa walilipa, mlinzi alipata mshahara, Kabura alinunua unga, sukari na viatu. Nyakio alipiga simu akasikia kila kitu. "Sawa, Mum," alisema taratibu. "Nitakuja Krismasi nione. Kama ni hivyo, basi utakaa." Kabura alikata simu akajichunguza kama ana furaha. Hakukuta kitu. Alienda kufagia ua.

Wiki moja kabla ya Krismasi aliingia godaunini akakutana na harufu kama ya pombe iliyolala. Alipita kati ya magunia akiyagusa. Yalikuwa baridi, baridi, baridi. Alipofika katikati aliingiza mkono kwenye mdomo wa gunia la Kipkoech, akautoa upesi. Mahindi yalikuwa ya moto. Moto kama mwili wa mtu mwenye homa. Aliuingiza tena mkono ule ule, akauacha humo, na kitu ndani yake kikashtuka. Ilikuwa hofu. Alikuwa ameisahau, na ilimchukua muda kuijua. Alikaa chini kwenye saruji.

Ouma alimkuta hapo. Alipima mwenyewe, akavuta magunia ya jirani, akauma, akatema. Yalikuwa yameanza kuota ukungu wa kijani, na si ya Kipkoech peke yake.

"Mama," alisema, "Nyakio anakuja Jumatano. Haya ya kuoza tunaweza kusukuma kule nyuma, makavu tunaleta mbele. Akirudi Nairobi tunachanganya kidogo kidogo. Mimi sijaona kitu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anampa mama wa watu njia, na Kabura aliiona njia yenyewe, pana na nyepesi. Angebaki. Angepalilia kaburi asubuhi na kurudi kabla ya chakula. Na kwa mara ya kwanza tangu Mbuthia afe mwezi wa tatu alijua kwamba anataka kubaki. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu iliyomtia aibu.

"Na wale watakaokula?" aliuliza.

Ouma alifunga mdomo wa gunia lililokuwa wazi.

Kabura aliwapigia wenye mahindi wote, mmoja baada ya mwingine, akiwa amesimama uani. Walikuja siku iliyofuata. Walitoa magunia, wakatandika maturubai ua mzima na ukingo wa barabara mpaka karibu na kituo cha mafuta, wakaanika kilichoweza kuokolewa. Kilichooza kilimwagwa shimoni. Hawakupiga kelele. Walinyamaza ule unyamavu wa mkulima anayeona mwaka wake ukimwagwa, na unyamavu ule ulimuumiza Kabura kuliko matusi. Kiprono, mwalimu aliyekuwa na shamba kule Turbo, ndiye aliyeuliza.

"Yalikuwa ya nani, yale yaliyoanza?"

Kipkoech alikuwa pale, ameinama juu ya turubai lake, mikono imesimama.

"Ni mimi sikupima," Kabura alisema. "Kupima ni kazi yangu. Muniseme mimi."

Kiprono alimtazama Ouma. Ouma alitazama barabara. Kufikia jioni kila mmoja alikuwa ameondoka na chake, na hakuna aliyemwambia Kabura kwamba atarudi.

Kipkoech alibaki nyuma akijifanya anafunga trela. Mwishowe alikuja mpaka barazani, kofia mkononi kama siku ile.

"Sheli ya kupukuchua mahindi ilipita kwetu siku moja tu," alisema. "Ningengoja, ingeenda na nisipate ingine. Nikasema yatakaukia kwako. Nilijua yako na maji, Mama Nyakio. Nilijua nikiyaleta."

"Najua."

"Ulifaa kutaja jina langu."

"Wewe ulimfukia Mbuthia kwenye mvua," Kabura alisema. "Ningekutaja kwa mdomo upi?"

Kipkoech aligeuza kofia, akaigeuza tena. Alikuwa mtu mzima na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mwaka kesho," alisema, "nitaleta yakiwa makavu. Mbele ya watu wote utadunga kila gunia. Ukikuta moja bichi, choma yote."

Alikuwa anaomba radhi kwa njia aliyoijua, na alichotakiwa Kabura ni kuitikia kwa kichwa. Badala yake alimwambia ukweli.

"Mwaka kesho mimi sitakuwa hapa, Kipkoech. Nyakio anauza. Nahamia Ruiru."

Kwamba huenda atahamia Ruiru alikuwa amelisema mara nyingi, kwa Angeline, kwa mchungaji, kwa nafsi yake, na halikuwa na uzito wowote. Safari hii alijisikia akilisema. Aliona kishamba cha Chepsaita na nyasi zikipanda juu ya kaburi, na yeye akiwa mbali, kwenye nyumba ya ghorofa, akiulizwa kama ameshiba. Mbuthia amekufa, aliwaza, kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa habari. Mbuthia amekufa na mimi naenda kumwacha.

Alishika nguzo ya baraza. Kilio kilimtoka kwa sauti, kile alichopaswa kulia kaburini, na mlinzi akaja mbio kutoka langoni akidhani kuna msiba mpya.

"Ni wa siku nyingi," Kipkoech alimwambia, akamvutia Kabura kiti.