Wimbo wa Sheria ya Baba na Mama

Ukipita Bigo, hapa Bunia, ukasikia watoto wanaruka kamba na kuimba "baba wa hapa, mama wa hapa", ujue ule wimbo ni wangu. Ni miye nilitunga. Zamani nilikuwa nasema vile na kifua wazi. Sasa nikiusikia, ninaingia mu nyumba.

Mu kundi yetu ya wamama wa kanisa, pale paruwasi, kazi ya kutunga nyimbo ni yangu tangu zamani. Sikusoma sana, masomo yangu yaliishia pale mwalimu alianza kugawanya hesabu. Lakini nipe neno moja na kinu ya sombe, mbele ya yale majani ya muhogo kulainika wimbo umekwisha. Askofu akija, ni miye. Mutu akizikwa, ni miye. Wakati tulikimbia vita kutoka Bule, kwetu, watu wa hapa Bunia walituangalia kama mbuzi wenye kupotea, lakini siku nilifungua kinywa mu kanisa, walinyamaza. Niko na majivuno, sitaficha.

Majivuno yangu ya pili ni mujukuu wangu wa kike. Mama yake, binti yangu, alikufa mutoto akiwa bado anatambaa. Baba yake alikuwa mutu wa Uganda, mwenye kuvukisha samaki ya chumvi mu ziwa. Alikuwa muzuri, anacheka mupaka majirani wanacheka bila kujua sababu. Vita ilikuja, hakuonekana tena. Mutoto nilimufunga mugongoni, na tangu siku ile ni wangu. Nilimusomesha kwa mandazi na maharagi mupaka akamaliza masomo ya sheria ku iniversite. Anataka kuwa juje, wa kukata kesi ku tribinali. Soko yote inajua, sababu ni miye niliwaambia. Nikipita, wenye kuuza maharagi wanasemeshana: "Koko ya juje huyo anakuja, ficheni ile mikebe ya kupimia yenye kubonyea."

Miye na ule mujukuu tunataniana kama inavyofaa koko na mujukuu wake. Ananiita muke mwenzake, ananiuliza kama bwana yetu alilala kwangu ao kwake. Hata siku aliolewa kweli, na mwalimu mumoja wa hapa Bigo, alinishika sikio akasema nisilie, tutamugawanya.

Sasa, muheshimiwa wetu. Ni depite ku Bunge, kule Kinshasa. Ni mutu wa desturi, anavaa koti hata jua ikipasua mawe, hanywi pombe, na mwanamuke akija na suruali anazungumuza na ukuta. Wamama tunamupenda. Bunge ikifunga, anarudi kutuelezea kazi alifanya. Mwaka mumoja Mama Prezida wa kundi yetu alituketisha ku mukeka akatuambia mambo muheshimiwa anaunga mukono: sheria ya kukataza nguo fupi mu maofisi, azimio Bunge ifungue kila kikao kwa maombi, azimio ya kuheshimu wazee. Tuliitika. Halafu akafika ku ile kubwa, wenyewe wanaiita sheria ya baba na mama. Mutu asiwe rais, asiwe jenerali, asiwe gavana, asiwe juje, kama baba na mama yake hawakuwa wote wawili watu wa Congo.

Nilisikia neno juje. Masikio yangu hayana kasoro. Lakini unapokuwa umechomewa nyumba, kila mutu iko na mugeni yake mu kichwa. Mwingine aliwaza wale wenye kubeba zahabu ya Nizi. Mwingine aliwaza wale wenye kuleta bunduki. Miye niliwaza wale wote. Mujukuu wangu sikumuwaza. Mutu hahesabu mutoto wa mugongo wake pamoja na wageni.

Mama Prezida alisema muheshimiwa anataka wimbo wa ile sheria. Nilirudi, nikatia sombe mu kinu. Sauti ya wimbo ilikuja yenyewe, tamu, kama maji yenye kujua njia, na miye sikuuliza inatoka wapi.

*Baba wa hapa, mama wa hapa,*
*nani atakutoa mu kiti?*
*Mwenye baba wa ng'ambo*
*abaki ku mulango.*

Siku yenyewe, sale ya mikutano ya paruwasi ilijaa mupaka ku madirisha. Tulivaa vikwembe vya buluu muheshimiwa alituma. Mujukuu wangu hakutaka kuja, alikuwa na mutoto wake muchanga, lakini nilimusihi. Nilikuwa na mupango wangu: nilitaka muheshimiwa amuone. Alikuja akasimama nyuma kabisa, karibu na mulango, mutoto mugongoni.

Tuliimba. Wimbo ulishika kama moto ku majani ya nyumba. Muheshimiwa aliinuka ku kiti chake, akacheza na koti yake, akauliza nani alitunga. Walinisukuma mbele. Alinishika mukono mbele ya watu wote akaniuliza ninataka nini. Nikaona Mungu amefungua mulango. Nikasema sitaki kitu yangu mwenyewe. Niko na mujukuu, amemaliza sheria, anataka kuwa juje, amuangalie, ni yule kule nyuma. Nikanyosha kidole. Watu wote waligeuza shingo.

Nyuma yangu mama mumoja, tulitoka naye Bule, akasema na kicheko, "Si ni huyu baba yake alikuwa yule wa samaki, wa Uganda?"

Hakusema kwa ubaya. Siye wamama tunachekana vile. Sale ilicheka. Muheshimiwa naye alitabasamu bila kufungua meno, akanipigapiga ku mukono kama mutu anatuliza ng'ombe.

"Mama," alisema, "wimbo yako imekwisha kukujibu."

Watu walipiga makofi. Na miye nilicheka. Hiyo nayo sitaficha: nilicheka pamoja nao. Ngoma ikaanza tena, wamama wakaningojea nitoe sauti, sababu wimbo hauanzi bila miye. Nilikuwa na nafasi ya kukohoa, ya kuanguka, ya kusema koo imekauka. Niliimba. Niliimba tangu mwanzo mupaka pale ku mulango, na pale ku mulango ndipo mujukuu wangu alisimama.

Nilipomaliza, hakuwa pale.

Nilimukuta nyumbani kwake, anafua vitambaa vya mutoto. Nilingoja aniambie juu ya sheria, aniite mujinga. Nilikuwa nimetayarisha maneno: haijapita, ni maneno ya Bunge, kule wanabishana mupaka kiti kinachoka. Hakuuliza hiyo. Alikamua kitambaa, akakianika, akasema bila kuniangalia, "Koko, ile sauti ni yangu."

Sikufahamu. Akaanza kuiimba polepole, midomo imefungwa, na nikaijua.

Wakati tulikimbia Bule, tulijificha mu shamba ya mutama. Watu wenye panga walikuwa ku barabara, na alikuwa mugongoni mwangu anataka kulia. Ningemufunga kinywa na mukono, kama wengine walifanya, na wengine waliondoa mukono wakakuta mutoto amekwisha. Nilimuimbia ku lugha ya kwetu, chini chini, sauti ndogo kama ya nzi. Kwa Kiswahili ni hivi:

*Lala, wa mugongo wangu,*
*nani atakutoa hapa?*

Alinyamaza. Walipita. Na tangu siku ile nilimuimbia vile, mupaka akawa mukubwa wa kukataa kubebwa. Ni ile sauti nilimupa muheshimiwa. Niliivua ku mutoto nikaivalisha sheria.

Akasema, "Sheria watabishana nayo. Mutihani ya kuwa juje nitafanya tu, wakinikataza wanikataze kwa uso. Lakini mutoto huyu nitamulalisha na nini?"

Kesho yake nilienda kwa Mama Prezida nikamuomba wimbo uachwe. Alinionea huruma, akanipa chai, akasema wimbo ni kama binti: ukishamuoza, humuamuru tena apike nini. Alisema kweli. Watu wa pikipiki waliushika, wasichana wa kisima waliushika, watoto waliutia mu kamba. Hata wale wenye kunidharau kama mukimbizi, sasa wananisalimia juu ya ule wimbo. Ninaitika na macho chini.

Sheria yenyewe sijui imefika wapi. Kila mara radio ikitaja Bunge, ninapunguza sauti.

Mujukuu wangu hakunitukana hata siku moja. Ananiletea uji. Anauliza kama mugongo unauma. Lakini hajaniita tena muke mwenzake. Ananiita koko, kwa heshima, kama mutu anasalimia mugeni.

Juzi nilikuwa kwao, mutoto alikuwa anaota meno, analia tangu mchana. Mama yake alikuwa na vitabu vyake mbele yake, macho yamechoka. Mwishoni alinipa mutoto bila kusema. Nilimufunga mugongoni na kikwembe, nikazunguka ku kiwanja. Nilitafuta wimbo mwingine. Nilijaribu wa kanisa, nilijaribu wa soko. Mutoto alilia zaidi, akanipiga na kichwa. Basi nikaanza ile, ku lugha ya kwetu, chini chini, kama mu mutama.

Nyuma ya senyenge, wasichana wa jirani walikuwa na kamba yao. Walisikia sauti wanayoijua, wakaishika na maneno yao. Miye naimba nani atakutoa hapa, wao wanaimba abaki ku mulango. Hatukugongana hata kidogo, sababu ni sauti moja. Nilitaka kuacha, lakini mutoto alikuwa ameanza kulegea, na kama ningeacha angeamuka. Niliendelea. Alilala katikati yetu.

Niligeuka. Mujukuu wangu alikuwa amesimama ku mulango, anasikiliza, sijui tangu wakati gani. Alikuja nyuma yangu. Nilisikia vidole vyake ku kifundo cha kikwembe, hapa ku kifua, vinafungua polepole, na mutoto akatoka mugongoni mwangu.

"Amelala, koko," alisema. "Upumuzike."