Kichwa cha Kamera Baada ya Eda

Nilitoka eda Jumatano. Alhamisi asubuhi nikaenda Darajani kununua kichwa cha stendi ya kamera.

Mume wangu na mimi tulikuwa tukipiga picha za nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe. Yeye alishika kamera. Mimi nilikaa na kompyuta, nikiziunga picha zake ziwe moja ndefu inayozunguka chumba kizima. Mwaka mzima alikuwa akiulizia kichwa kipya, hachagui. Presha ikamchukua, akaacha kazi moja nusu: ua wa bibi mmoja wa Shangani. Bibi yule alinisubiri, hakunihimiza hata siku moja.

Muuza duka alinitambua. "Karibu dada. Bwana hajambo?"

"Hajambo," nikajibu. Sijui kwa nini. Mdomo ulijibu wenyewe.

Akaweka vichwa viwili juu ya meza. Kimoja cha goroli, chepesi, kinageuka kila upande. Cha pili kizito, kina mkono wa kuisogezea kamera nyuma na mbele.

"Chukua cha goroli. Wengi ndicho wanachotaka."

Nikaifunga kamera niliyokuja nayo kwenye cha goroli, nikatazama mlango wa duka na ukuta wa ng'ambo ya njia. Nilipoigeuza, mwimo, ule mti wa pembeni mwa mlango, ulionekana kusogea mbele ya ule ukuta. Picha za namna hiyo nshaziunga sana. Nguzo hutoka kama imevunjika. Nikaihamishia kwenye cha pili, nikairudisha nyuma kidogo kidogo mpaka lenzi ikakaa pale pale inapozungukia. Nikageuza. Mwimo ukatulia.

"Nnachukua hiki."

"Mpigie kwanza bwana, asije akakirudisha."

"Kafariki. Unakwenda mwezi wa tano sasa."

Mikono yake ikasimama. "Dada, si umesema hajambo?"

"Nimesema."

"Mungu ampe kauli thabiti," akasema, akaanza kukirudisha kichwa ndani ya boksi, taratibu, kama kitu cha kioo.

Jumamosi nikapiga ule ua. Nilipoziunga picha, nguzo zote zilikuwa wima. Bibi akaitazama kwenye simu yangu, akaizungusha kwa kidole.

"Mwanangu, hii imezishinda zile za mwanzo za marehemu."

Ilikuwa kweli. Nikangoja uchungu, au furaha japo kidogo. Hakikuja kitu. Akanitilia chai ya tangawizi, nikanywa. Akauliza kama ntaweza kumpigia na vyumba vya juu.

Nikasema ntakuja Jumatatu.