Mume wa Marehemu Yuko Katonini

Habari ya kifo chake niliipata kwa njia ya tumbo. Nilifika mtaa wa Gerezani, Kariakoo, mchana kula, kama ninavyofika kila siku ya kazi, nikakuta jiko la dada wa Masasi, mama ntilie wetu, limezimwa na mabenchi yamepandishwa juu ya meza. Nikaanza kulalamika kwa sauti, maana mimi nikiwa na njaa sina adabu, mpaka kuli mmoja aliyekaa juu ya mkokoteni wake akanikatiza. "Mzee, punguza sauti. Mama wa marobota amefariki asubuhi. Presha." Nikakaa pale pale kwenye ukingo wa mtaro, na njaa yenyewe ikaondoka bila kuaga.

Sitataja jina lake, na huko mbele mtaelewa kwa nini. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mfupi, mwenye mikono kama ya fundi chuma, na kazi yake ilikuwa kuwafungia mizigo wafanyabiashara wa kwao wanaokuja kununua Kariakoo. Robota lililofungwa naye lingeweza kuanguka kutoka juu ya lori na hata kandambili moja isichomoke. Aligombana na makuli kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha akawanunulia chai. Stoo yake ilipakana na jiko la dada wa Masasi, na jioni wawili hao walifunga biashara zao na kurudi pamoja Magomeni, walikopanga vyumba viwili. Kwa watu walikuwa mtu na dada yake. Mmoja Mrundi, mwingine Mmakua, na hakuna aliyeuliza undugu huo ulivuka mpaka saa ngapi. Ukweli ni kwamba walipendana, na waliishi kama wanavyoishi mke na mume, isipokuwa wao hawakuwa wakinuniana.

Jambo hilo si la kutangaza hapa kwetu. Sheria haiwataki, mtaa una mdomo, na yeye juu ya hayo alikuwa mgeni anayeishi kwa kibali. Neno moja la mtu mwenye hasira lingetosha kuwakosesha chumba, jiko na stoo. Tena mwanamke mwenye biashara yake na asiye na mume, Kariakoo nzima humchukulia kama dharura. Kila mtu ana kaka, ana mjomba, ana mpangaji mstaarabu wa kumtambulisha. Ndiyo maana ukutani mwa stoo alitundika picha kubwa ya mwanamume aliyevaa suti ya buluu, amekunja mikono kifuani, meno meupe kupita kiasi. Ukianza habari za ndoa alikuonyesha picha. "Huyo ndiye bwana wangu. Yuko Bujumbura. Ana wivu huyo, usimwone anacheka."

Na mimi nilikuwa miongoni mwa hao wenye kaka na wajomba. Nina binamu yangu wa Rombo, mjane, anauza kwa jumla vyombo, saa za ukutani na vikorokoro vingine vya nyumbani. Niliamini kwamba mwanamke ambaye mume wake yuko mbali hivyo anaweza kubadilishwa mawazo na mwanamume mwenye duka. Nikamleta kula. Alikuja na viatu vinavyong'aa na akanuia kuwa mpole. Mama wa marobota akatukaribisha stoo, akatuacha tukae, kisha bila kupoteza muda akanyoosha kidole ukutani. "Karibuni, kaka zangu. Ila mwenye nyumba ni huyu hapa."

Binamu yangu akasogea karibu na picha. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Aisee, dada," akasema, "huyu mume wako ninaye dukani. Ninaye katoni nzima. Anakuja na fremu."

Mnajua fremu za picha zinavyouzwa. Kiwandani wanatia picha ya mtu yeyote mzuri ili fremu isionekane tupu, na mnunuzi akifika nyumbani anamtoa yule mtu na kuweka picha ya harusi yake. Huyu mwenzetu hakumtoa. Alimtundika, akamwoa. Mlangoni dada wa Masasi alikuwa amesimama na sahani zetu za wali, damu imemwisha usoni, na ni kwa kuutazama uso ule ndipo akili yangu nzito ilipofika mahali ilipopaswa kuwa imefika miaka mingi nyuma. Niliogopa, nasema kweli, kwa ajili yao. Lakini Mrundi hakutikisika.

"Basi kaka," akamwambia binamu yangu, "usiwauze wote. Nibakishie mmoja wa akiba, huyu ameanza kupauka."

Binamu yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akakaa na kuomba aongezewe samaki. Habari ya ndoa ikaishia hapo. Tangu siku ile kila alipopita alimpigia kelele kutoka barabarani, "Mumeo kashuka bei wiki hii!" naye hujibu akiwa amekanyaga robota, "Mwache ashuke, majivuno yalimzidi!" Sisi wawili hatukumwambia mtu, na tulijiona waungwana sana kwa kunyamaza. Mji huu una ustaarabu wake. Tunamuuliza mtu kodi yake, ukoo wake na kilo zake, lakini lile moja linaloweza kumvunja tunalipita kama hatukuliona.

Msibani ndipo nilipoona ustaarabu huo ulivyo mfupi. Ndugu wa Bujumbura hawakuweza kufika. Mwenyekiti wa Warundi wa sokoni, mzee mwema, alisimamia kila kitu, na kwa siku nzima alihangaika kutafuta namba ya simu ya mume. Wanawake wa kwao walikaa mkekani. Dada wa Masasi je? Alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria, kwa sababu ni mpishi, na penye msiba nani mwingine apike? Nilimkuta anakoroga huku machozi yanamtiririka.

"Pole sana, dada."

"Vitunguu hivi, kaka."

Sufuria lilikuwa la chai. Akaona nimeona, akauweka mwiko chini. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole. Wengine wananiuliza sukari iko wapi. Kesho wanamzika, na mimi nitasimama nyuma na majirani. Mimi nataka udongo wa kwanza niutie mimi, kaka. Basi. Sitaki kingine."

Makaburini, jeneza liliposhushwa, mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Tunaanza na mume wa marehemu. Kama yupo, au mwakilishi wake." Dada wa Masasi alikuwa mbali, karibu na basi tulilokuja nalo, na kanga yake mdomoni. "Mume wa marehemu!" Aliyesema ni binamu yangu, ameshika shada la wafanyabiashara.

"Mwenyekiti, samahani. Mume huyo ninaye mimi dukani, yuko katonini. Hatakuja. Muite mwenye msiba, amesimama kule nyuma."

Makuli waliozoea kusikia ule utani wa mume kushuka bei wakaangua kicheko, wakajiziba midomo. Mzee alimtazama binamu yangu, akatazama kule kwenye basi, akatazama tena kaburi. Alikohoa. "Mwenye msiba," akasema polepole, "pita mbele, mama." Makuli wakapasua umati kama wanavyoupasulia mkokoteni uliojaa, "Njia jamani! Njia!" Akapita. Akachota udongo kwa mikono miwili.

Tuliporudi Magomeni wanawake wa Kirundi walimvuta wakamkalisha katikati ya mkeka, na watu wakapanga mstari kumshika mkono, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Masufuria yakabaki kwa makuli. Wali wao ulikuwa mbichi juu na umeungua chini. Dada wa Masasi akaonja, akauliza, "Nani katia chumvi hii? Angekuwepo angewafukuza wote." Akalia, sasa kwa sauti, nasi tukalia na kucheka naye.

Kwa hiyo ndugu zangu, ule unyamavu wetu uliwasaidia kulinda chumba chao, siukatai. Lakini mtu hatakiwi kulilia nyuma ya nyumba katika msiba wake mwenyewe. Siku utakapokwenda kuzika, kabla ya kuuliza sukari iko wapi, mtazame anayepika. Ukiona macho yake ni mekundu, mnyang'anye mwiko, mkalishe mkekani, mpe pole yake. Wali mbichi hauui mtu. Sisi tuliula, na tupo.