Benchi la Mbele, Upande wa Ukuta

Siku yangu ya kwanza ya kuwa protokoli nilivaa kikwembe kipya cha kitenge na viatu vya kisigino, na kabla ya Injili kusomwa miguu ilikuwa imeshavimba. Ilikuwa parokia moja ya Masisi, mlimani, penye baridi ya kupasua midomo. Mume wangu, mfanyabiashara wa kwetu Butembo, alikuwa na duka la chumvi na sabuni hapo. Mimi nilijitolea kanisani kwa sababu napenda kupanga watu, na sitawaficha, nilipenda pia kuonekana. Ninyi mnaosimama mlangoni leo na utepe wa manjano begani huku macho yenu yakiwa kwenye simu, someni polepole.

Protokoli humpokea mkristo mlangoni na kumpa mahali. Hufungua njia ya maandamano ya matoleo, na kuku akimponyoka mwenye kumtoa, protokoli ndiye anayemkimbiza. Hupanga mistari ya komunio ili wazee wasisukumwe. Halipwi kitu, na wakubwa waliochelewa humkasirikia kila Jumapili.

Bosi wangu wa kwanza, rais wa protokoli, alikuwa mzee mkavu asiyecheka. Aliniona nikijaza mabenchi haraka haraka, akanivuta kando.

"Mama Masika, kupanga batu haiko kupanga makartoni ya sabuni. Uangalie kwanza nani na nani hawawezi kuikala pamoja."

Sababu yake ilikuwa hii. Katika ibada yetu ya Kongo, kutakiana amani hakungoji karibu na komunio. Tunaomba toba, tunanyunyiziwa maji, kisha tunapeana mikono kabla ya matoleo. Ukiwaketisha jirani watu waliogombania shamba au waliomwagiana damu, mkono wa mmoja utabaki hewani mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo mzee yule alijua magomvi ya kilima kizima, na kila mara aliwaketisha mahasimu nguzo ya kanisa ikiwa katikati yao. "Nguzo inasaidiaka kupita mahubiri," alizoea kusema, lakini si mbele ya padri.

Vita vilipotufikia tulifunga duka tukashuka hadi Sake pamoja na wengine. Baada ya miezi ya kulala nyumbani kwa watu, mume wangu alipata mzigo wa kupeleka Walikale, na huko tukabaki. Habari za rais wa protokoli sikuzisikia tena. Namwombea awe alifia kitandani mwake.

Walikale nilipewa uprotokoli wa kanisa la mbao lenye bati linaloimba mvua ikinyesha, na mvua ya huko haina likizo. Hapo nilimjua Mama Faida, mjane aliyelima mihogo pembeni mwa msitu. Mwanawe wa pekee alikuwa amefia katika shimo la kuchimba dhahabu upande wa Omate. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, wachimbaji wakasita kushuka. PDG, ndivyo wanavyomwita mwenye kugharimia shimo, akasema asiyeshuka aende kwao. Kijana akashuka, udongo ukamwangukia. PDG hakufika kwenye kilio. Alituma mfuko wa mchele.

PDG huyo alikuwa mkristo wa parokia yetu, wa benchi la mbele. Mama Faida nilimweka nyuma kabisa, karibu na mlango. Kila Jumapili, padri alipofika kwenye amani, mama huyo alinyanyuka na kutoka nje. Nami nilimfungulia mlango, nikaufungua tena arudi matoleo yalipoanza. Komunio hakupokea. Lakini hakukosa Misa hata moja, hata siku ambazo njia ilikuwa tope mpaka magoti. Baada ya mtoto wake, kanisa ndicho kitu pekee alichobaki nacho, nami nililijua hilo kuliko wote.

Kisha alikuja paroko mpya, kijana mwenye moto. Aliona mchezo wetu wa mlango, akauliza, akaambiwa. Siku chache kabla ya Pentekoste aliniita ofisini.

"Mama, protokoli anagawanya batu ao anabaunganisha?"

"Padiri, huyu mama bado. Tumuache kwanza."

"Siku ya Pentekoste utamuikalisha karibu na PDG. Usimuambie kitu. Roho Mutakatifu atafanya kazi yake."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na umri wa kumzaa, na mdomo wangu Walikale nzima inaujua. Lakini nilisema, "Ndiyo, Padiri."

Siku ile kanisa lilifurika. Nilimshika Mama Faida mkono mlangoni nikamwambia, "Dada, leo nyuma kunajaa, kuja huku." Alinifuata bila kuuliza, kwa sababu alinizoea. Nilimketisha benchi la mbele, upande wa ukuta. PDG alichelewa, kama kawaida ya wakubwa, nami nikamketisha pembeni yake. Ukuta huku, PDG huku. Mlango nilikuwa nimemfungia mimi mwenyewe.

Amani ilipofika, PDG aligeuka akitabasamu, akanyoosha mikono miwili.

"Amani ya Kristu, mama."

Mama Faida alimwinulia uso.

"Unanijua?"

"Pardon, mama, hapana. Uko wa shirika gani?"

Sote tulikuwa tumeamini PDG anamjua. Kumbe alimdhani mgeni wa jumuiya fulani ndogo, ambayo kwetu huitwa shirika. Mama Faida akampa mkono. PDG akautikisa vizuri, akageukia watu wa nyuma. Paroko, kutoka altareni, alinitazama kwa furaha, nami nilitamani sakafu inimeze.

Jumapili iliyofuata Mama Faida hakuja, wala ile nyingine. Nilimwendea nyumbani. Nilimkuta akimenya mihogo. Alinipa kigoda, na hakuacha kazi.

"Dada, unisamehe," nilisema. "Padiri njo alinituma, ni yeye."

"Miaka yote nilikuwa natoka inje, nikiwaza: ule muntu akiniona uso kwa uso, atakosa pa kuweka macho. Kumbe hanijue." Alitupa muhogo kwenye beseni. "Ule sina tena kitu ya kumudai. Hanijue. Lakini weye ulikuwa unanijua, na njo weye ulinikamata mukono."

Mama Faida hakurudi kanisani mpaka alipozikwa.

Mwaka wa Pentekoste ile niliomba kupumzika, nikasema ni magoti. Ni uongo; magoti yangu ni mazima mpaka leo. Kamati ya parokia iliniaga baada ya Misa ya pili kwa kikwembe kizuri na soda. Paroko alitoa hotuba. Alisimulia utumishi wangu toka Masisi, kisha akasema kwamba kati ya yote, Mungu atanikumbuka kwa ile Pentekoste, nilipowaunganisha wawili ambao hakuna aliyeweza kuwaunganisha. Watu walisimama wakapiga makofi. PDG naye alipiga, na hakuwa akijua ni wawili gani wanaosemwa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikakipokea kikwembe kwa mikono miwili, nikasema asante.