Shadlia Anayetokea Dirishani

“Mtaa huu hauna mlango ulionishinda kuufungua,” anasema Shadlia Ganuni, tena kwa sauti, ili na jirani asikie. “Hata mmoja!”

Anayasema hayo mguu mmoja ukiwa ndani ya nyumba yake, na wa pili uko nje unaitafuta ardhi. Ni saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano, mjini Muknin, na mama huyu wa miaka sitini na moja anatoka kwake kwa kupitia dirishani.

“Isipokuwa wa kwangu,” anaongeza, akiuvuta mguu uliobaki. “Ufunguo umevunjikia kwenye kitasa. Fundi kila siku ananiambia kesho.”

Jirani yake, Bi Mabruka, anayefagia mbele ya kibaraza chake, anasimamisha ufagio.

“Shadlia, siku moja polisi watapita hapo wakudhani mwizi.”

“Na wanikamate! Angalau nitalala mpaka saa nne.”

Bi Mabruka anacheka. Shadlia hacheki. Anajifunga safsari, shuka lake jeupe la kutokea, anaichukua mifuko yake miwili, anaanza kutembea taratibu kama mtu anayekwenda kazini baada ya kutoka kazini.

Kazi yake haina jina ambalo majirani wamelizoea. Kwenye karatasi ya chama kidogo kinachomlipa ameandikwa “msaidizi wa waliopona”. Watoto wa mtaa huo humwita daktari wa vichaa. Yeye mwenyewe akiulizwa husema, “Mimi ni mgonjwa mkongwe. Nimepandishwa cheo.”

Ana nyumba kumi na mbili za kuzungukia. Katika kila moja yumo mtu aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili, au anayekaribia kupelekwa. Analipwa dinari mia tatu na ishirini kwa mwezi, na mwezi huo kuna wakati hufika siku ya arobaini na tano. Hapimi mtu, hatoi dawa. Anakaa tu, anazungumza, anasubiri.

“Daktari anaijua dawa,” anasema. “Mimi ninajua jinsi kitanda kinavyomshika mtu saa nne ya asubuhi na kumwambia, wewe, unakwenda wapi? Hilo daktari hakufundishwa.”

Amelijua kwa mwili wake. Akiwa na miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, alianza kusikia watu wakimjadili ukutani. Alipelekwa hospitali mara tatu. Mara zote tatu lilikuja gari, wanaume wawili wakamshika mikono, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Mara ya mwisho kiatu chake kimoja kilibaki barabarani.

“Nilirudi baada ya miezi minne,” anasimulia. “Nikakikuta kiatu kwa Mabruka. Alikuwa amekipaka rangi na kukiweka juu ya kabati. Hakusema neno. Ndiyo maana mpaka leo namvumilia maneno yake.”

Ni miaka kumi na minne sasa hajalazwa. Bado anameza kidonge kimoja kila jioni.

Asubuhi hii nyumba ya kwanza ni ya Bi Wasila, mjane, na mlango unaomtesa Shadlia uko ndani ya nyumba hiyo: ni wa chumba cha Najiba, binti wa Bi Wasila. Najiba ana miaka arobaini na mmoja. Alikuwa mshonaji wa zipu katika kiwanda cha suruali. Miezi mitano iliyopita aliacha dawa, akaacha kiwanda, akaingia chumbani. Hutoka tu kwenda msalani, na huchagua saa ambazo hakuna mtu.

Kaka yake, Muhsin, ameshachoka. Ameweka siku. Daktari wa magonjwa ya akili huja katika kituo cha afya cha hapo mjini Alhamisi moja, akaruka moja. Najiba asipokwenda Alhamisi hii kwa miguu yake, Ijumaa Muhsin ataomba gari lije.

Alhamisi ni kesho.

Silaha ya Shadlia ni sahani. Sahani ya udongo wa mji huohuo, ya manjano na kijani, imemeguka kidogo ukingoni. Humpikia mgonjwa chakula, humwachia, na kuondoka zake. Kwa kuwa hapa sahani ya jirani hairudishwi tupu hata kama nyumba ina njaa, mgonjwa anabaki na deni dogo linalomkodolea macho. Lazima ainuke atafute kitu cha kuweka. Yai moja linatosha. Kisha lazima atoke airudishe.

“Watu tisa nimewatoa ndani kwa sahani hiyo,” anasema. “Mmoja aliniletea kitunguu. Kitunguu kimoja, katikati ya sahani, kama mfalme. Nilimpigia vigelegele.”

Kwa Najiba sahani ilikwama, na aliyeikwamisha ni mama yake. Mara ya kwanza Shadlia aliacha kuskusi ya samaki saa sita. Saa saba Bi Wasila alikuwa kwake, anahema, sahani imejaa makrudhi, keki ndogo za tende. Mara ya pili aliileta na zeituni. Sahani ya watu kulala kwake ilikuwa fedheha asiyoiweza.

Jumatatu, alipoiacha kwa mara ya tatu, Shadlia alimkalisha chini.

“Wasila, sahani hii usiiguse mpaka Alhamisi.”

“Siku tatu, Shadlia? Majirani watasema nini?”

“Watasema Wasila mwizi wa sahani.”

“Unaona!”

“Waache waseme! Sahani si yako. Ni ya Najiba. Ukiirudisha tena nitaipasulia hapo mlangoni kwako, halafu uwaeleze hao majirani.”

Leo, Jumatano, sahani bado iko juu ya meza ndogo mbele ya chumba cha Najiba, imeoshwa, tupu. Bi Wasila anaizunguka kama paka anayezunguka maziwa ya moto. Amejifunga mikono kwa kanga ya jikoni ili asiishike.

Shadlia anakaa kwenye kizingiti cha chumba, anaegemea mlango uliofungwa, anatoa mbegu za alizeti mkobani na kuanza kuzitafuna. Maganda anayatema sakafuni makusudi.

“Najiba.”

Anatema ganda jingine.

“Najiba, mimi sina haraka. Ila magoti yangu yana haraka.”

Kisha sauti inatoka chini ya mlango, karibu sana. Naye kumbe amekaa sakafuni, upande wa pili.

“Shangazi, unachafua nyumba ya mama.”

“Toka unizuie.”

“Muhsin amekutuma?”

“Muhsin hanitumi hata dukani. Ila Ijumaa ataliita gari, hilo sikufichi. Mimi nimelipanda mara tatu. Viti vyake vigumu.”

Upande wa pili Najiba anacheka puani, kicheko kifupi. Halafu anauliza jambo ambalo hajawahi kuuliza.

“Wewe ilianzaje?”

Mbegu zinasimama mdomoni mwa Shadlia.

“Kwangu ilianzia mlangoni,” anasema. “Kabla ya sauti, kabla ya kukosa usingizi. Watu walibisha, nikanyamaza. Mara moja, mara mbili. Nikawa nasema naumwa kichwa. Nikawa nasema watoto wamelala. Uongo mdogomdogo tu, ili mtu asiingie. Nilipokuja kushtuka, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui njia ya kutokea.”

“Mama kasema mlango wako mbovu. Unatokea dirishani.”

“Ufunguo umevunjika.”

“Bado hujatengeneza?”

“Fundi ananizungusha. Haya, kula mkate, mchana nina nyumba tano.”

Anainuka kwa kushika ukuta. Mlango haufunguki. Nje anakutana na Muhsin, ambaye amekuja kabla ya kazi, amevaa ovaroli.

“Enhe, Shangazi?”

“Amecheka.”

“Amecheka! Mimi nataka atoke.”

“Mwanangu, mpaka kesho bado.”

“Si kwamba nataka kumfunga,” anasema Muhsin. “Mama halali. Mimi silali. Wewe mwenyewe unalala? Hebu jitazame.”

Shadlia anainua mifuko yake na kuondoka. Anazungukia nyumba zake tano. Ya pili, kijana amevunja redio kwa sababu ilimtukana, na Shadlia anakubaliana naye kwamba watangazaji wa siku hizi hawana adabu. Ya tatu hawafungui. Ya nne wanamwomba awatafutie dawa iliyoadimika duka la dawa, ya tano wanamwuliza kama yeye alipona kweli, au anajificha tu. Ya sita anasinzia kwenye kiti, na mgonjwa anamfunika shuka.

Watu humfuata mpaka kwake pia. Hubisha saa ya chakula, saa ya kuoga, saa ya sala. Bi Shadlia, mwanangu hataki kula. Bi Shadlia, mume wangu anazungumza na friji. Tangu baridi ilipoanza, akisikia mlango ukigongwa huhesabu mpaka aliyegonga achoke.

Saa tisa anafika nyumbani akiwa na mtungi wa gesi kwenye toroli ya kuazima. Mtungi haupiti dirishani. Anasimama. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto. Kibaraza cha Bi Mabruka kiko kitupu.

Shadlia anaingiza mkono kifuani, anatoa ufunguo. Mzima kabisa, hauna hata kutu. Anauingiza, anauzungusha, mlango unafunguka kama siku zote. Anauviringisha mtungi mpaka jikoni na kuurudishia mlango kwa kisigino.

Fundi hajawahi kuitwa. Wiki mbili zilizopita, watu watatu walibisha wakati mmoja, Shadlia akajibana nyuma ya pazia mpaka wakaondoka. Kesho yake akamwambia Mabruka kwamba ufunguo umevunjika. Mabruka akautangaza, kama ilivyotarajiwa. Mlango mbovu haubishwi. Kulikuwa na raha yake, mbali na kupanda dirisha.

Wagonjwa huwapikia, lakini mwenyewe tangu Jumapili anakula mkate na pilipili ya harisa, amesimama. Usiku hulala na safsari yake mwilini. Anajua maana ya mambo hayo. Si ndiyo anayowafundisha watu kuyaangalia? Anayajua, na anayapita kama mtu apitavyo mlango wa mdai.

Anafunga mtungi, anaweka maji ya chai, anaketi kwenye godoro lake sebuleni. Hata chai haijachemka, mlango unabishwa.

Anajikunja godoroni. Unabishwa tena, taratibu, mara mbili.

“Njoo dirishani!” anapaza sauti. “Ufunguo umevunjika!”

Kisha kitasa kinalia. Ufunguo unazunguka kwa nje, pale ulipoachwa ukining’inia, na mlango unafunguka wote.

Ni Najiba. Amevaa koti la mama yake juu ya nguo ya kulalia, na soksi zake ni pea mbili tofauti. Jua linamuumiza macho. Mkono mmoja umebeba sahani ya manjano na kijani, na mchuzi umefika ukingoni. Ndani yake mna mayai yaliyopikwa kwa nyanya na pilipili. Upande mmoja umeungua mpaka mweusi.

Nyuma yake, mbali kidogo barabarani, Bi Wasila amesimama, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

“Nani kapika?” anauliza Shadlia.

“Mama angekuletea yaliyoungua?”

Najiba anaiweka sahani juu ya kimeza. Halafu anauchomoa ufunguo mlangoni, anauinua kwenye mwanga, anaugeuza upande huu na upande huu, kama alivyokuwa akikagua zipu kiwandani. Anauweka kando ya sahani na kukaa sakafuni, mgongo ukutani. Anahema kama aliyepanda mlima. Kutoka kwao mpaka hapa ni nyumba saba.

“Muhsin nimemwambia kesho nakwenda,” anasema. “Kwa miguu. Lakini mama hataniweza, nikigeuka njiani atalia tu. Nataka twende wote, na kwa daktari tuingie wote. Wewe pia ukae kwenye kiti, uulizwe.”

“Mimi niulizwe nini?”

Najiba anautazama ufunguo. Shadlia naye anautazama, na kwa mara ya kwanza leo anacheka, kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kupita.

“Ah, huo! Fundi si kaja? Kautengeneza, hata nikasahau. Mazoea tu hayo ya kusema dirishani.”

“Kaja lini?”

“Leo.”

“Saa ngapi?”

“Asubuhi, saa tatu hivi. Nilimsimamia mwenyewe.”

Najiba anamkatia kipande cha mkate uliokuwa kimezani, anakichovya upande ule usioungua, anampa mkononi.

“Kula, Shangazi,” anasema. “Saa tatu ulikuwa kwenye kizingiti changu. Maganda yako nimeyafagia mimi.”