Shukrani ya Sauti ya Chini

Mwaka 2008 tulikuwa tunaishi mtaa wa Bertrams, si mbali na uwanja wa Ellis Park, katika nyumba kuukuu ya matofali iliyogawanywa vyumba. Chumba cha mbele alikaa bibi mmoja Mzulu ambaye sote tulimwita Gogo, kama wenyeji wanavyowaita bibi zao. Yeye ndiye aliyekuwa akishika funguo kwa niaba ya mwenye nyumba. Cha katikati tulikaa sisi, mimi na mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Cha nyuma, karibu na bafu, alikaa dada mmoja kutoka Burundi, mjane, msusi wa nywele. Sisi ni Waislamu wa Tanga, yeye ni mlokole, na tulikuwa majirani wa kuombana chumvi na kuangaliziana sufuria jikoni.

Baridi ilipoanza kuingia tulisikia kwamba huko vitongojini wageni wanapigwa na kufukuzwa. Kila siku habari zilisogea karibu. Mume wangu alikuwa akiuza katika duka la Msomali kule mtaa wa Mayfair, na alasiri moja alinipigia simu akaniambia nisitoke nje, yeye hawezi kurudi, atalala msikitini na wenzake. Nilikuwa bado nimeshika simu nilipoanza kusikia filimbi. Halafu nyimbo. Halafu fimbo zinazogongwa kwenye mageti ya bati, nyumba baada ya nyumba.

Binti yangu alikuwa kwa Gogo akitazama televisheni. Nilitaka kumkimbilia, lakini yule dada alinidaka mkono akanivuta bafuni.

"Weye, ukitokea mbele watakuona," alisema. "Mtoto yuko na Gogo. Kaa."

Tukakaa kwenye sakafu ya saruji, tumejibana kati ya beseni na ukuta. Bafu lilikuwa na kidirisha cha juu, na kwa hicho nilisikia kila neno la getini. Kizulu changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kusalimia na kutaja bei, lakini siku ile nilielewa yote.

Mwanamume aliuliza nani anakaa humu. Gogo akajibu, "Mimi na mjukuu wangu." Yule mtu akasema, "Mwache mtoto ajibu. Hiki kinaitwaje?"

Sikuhitaji kuona alichokuwa akikionyesha. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari ya kiwiko. Walikuwa wanawauliza watu jina la kiwiko kwa Kizulu, na asiyelijua alijulikana kuwa mgeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelikariri neno lile kwa wiki nzima na bado lilikuwa likinigeuka mdomoni. Dada wa Burundi alikuwa akiomba kwa Kirundi, midomo tu ikicheza. Mimi nilianza Ayatul Kursi nikakwama katikati, aya ninayoisoma tangu utoto.

"Indololwane," binti yangu alisema, kwa sauti ileile anayomjibia mwalimu. Alizaliwa katika mji huu. Nyumbani nilimsemesha Kiswahili naye akanijibu Kizulu, na hivyo ndivyo tulivyoishi.

"Mama yako yuko wapi?"

Gogo alianza kujibu, akaambiwa anyamaze.

"Alikufa," binti yangu alisema.

Hakuna aliyemfundisha. Nilimuuliza Gogo baadaye, akaniapia kwamba hakumwambia hata neno moja. Nikiwa nimekaa pale kwenye saruji nilijisikia kama kweli nimekufa, na kwamba mtoto wangu amekwisha kulizoea jambo hilo.

Wakaondoka. Walivunja kibanda cha fundi viatu wa Malawi upande wa pili wa barabara, tukasikia vitu vyake vikitupwa. Hapo ndipo dada wa Burundi alipoweka nadhiri, mkono wake ukiwa ungali katika wangu: "Mungu akitutoa hapa nitapika, nitaita watu, nitamshukuru mbele yao."

Tulitolewa. Tulihamia kwenye hema uwanjani kwa kituo cha polisi, mume wangu akatukuta huko, tukakaa hadi fujo zilipopoa, kisha tukarudi vyumbani mwetu kwa sababu hatukuwa na pengine. Fundi viatu hakurudi.

Joto lilipoanza, yule dada alikumbusha nadhiri yake. Kanisani kwao mtu aliyeokolewa husimama akatoa ushuhuda, watu wakaimba, wakala. Alitaka ibada ifanyike uani, ngoma ipigwe, na Gogo akae kiti cha mbele pamoja na binti yangu. Tulikwenda wote wawili kumwambia. Gogo alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso.

"Mnataka kunishukuru au mnataka kuniua?" aliuliza.

Akaweka kisu chini.

"Mmoja wa wale vijana, mama yake anasali na mimi. Ananisalimia kila Jumapili. Ninyi mkisimama uani mkapiga ngoma mkasema bibi huyu alitudanganyia watu, mimi nitakwenda wapi? Ninyi mna kwenu. Kwangu ni hapa."

Mpaka siku hiyo nilidhani hofu ile ni ya wageni. Nilimwona Gogo kama mtu aliyesimama getini kwa sababu haogopi. Kumbe alikuwa ameishi na hofu hiyohiyo miezi yote, ukuta mmoja na sisi, na sisi ndio tulioileta.

Tukakubaliana iwe chumbani kwa dada wa Burundi, Jumamosi mchana, mapazia yakiwa yamefungwa, bila ngoma. Walikuja wanawake wachache wa kanisani kwao. Mume wangu alileta kuku wa halali kutoka Mayfair ili nasi tule bila wasiwasi, nikakaanga sambusa, yule dada akapika maharage na ndizi. Gogo aliingia wa mwisho, akakaa kitandani karibu na mlango.

Dada alisimama. Alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Ndugu zangu, mimi leo ningekuwa marehemu," tuliposikia filimbi.

Halafu nyimbo. Sauti za wanaume wengi, zinakuja kwa barabara yetu. Mwanamke mmoja alikuwa na tonge mkononi akabaki nalo. Binti yangu aliteleza kutoka kitini akaingia chini ya meza, akajikunyata huko, na nilipoinama kumshika aliniziba mdomo kwa kiganja chake. Mume wangu alikuwa akitazama dari, kama anayetafuta pa kupandia. Gogo alikuwa ameshika kitasa cha mlango kwa mikono miwili.

Zile nyimbo zilifika mbele ya nyumba. Zikapita. Baada ya muda Gogo alitoka kuchungulia kwa dirisha lake, akarudi.

"Mpira," alisema. "Wanaenda uwanjani. Wamevaa jezi."

Ningependa kusema kwamba tulicheka. Mwanamke mmoja alianza kulia, mwingine akaanza kukusanya sahani. Dada wa Burundi aliendelea kusimama, na nilidhani atafunga ibada. Badala yake aliketi chini, akatuambia tusogee, akamaliza ushuhuda wake kwa kunong'ona, vichwa vyetu vikiwa karibu kugusana. Hakumtaja Gogo. Alisema tu, "Mungu anamjua aliyetusitiri." Wenzake wakajibu amina kwa pumzi. Mume wangu akasoma dua fupi. Gogo alikula kuku, akaomba sambusa nyingine.

Nimeifikiria sana shukrani tangu siku hiyo. Nilikuwa nikiijua kama kitu cha kutangazwa, cha sinia na wageni, na mtu akishukuru kimya tulimwona bahili. Pale nilijifunza kwamba kuna mtu unamtendea wema kwa kufunga mdomo. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitisha zaidi: kila nilipotaka kusema asante Mungu kwa kutupitisha, nilisikia vitu vya fundi viatu vikitupwa barabarani. Asante ya nini, kwamba walikwenda kwake? Nashukuru hivyohivyo, na ninapomaliza simwombei Gogo na binti yangu bila kumtaja fundi viatu.

Gogo alihama mwaka 2011 kwenda kwa mwanawe wa kiume, KwaZulu. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi mjini, nikimbebea begi. Pale hakuna aliyetujua, nikaona hapa naweza. Nilimshika mkono nikamwambia kwa Kizulu kwamba namshukuru.

"Kwa kubeba begi?" aliuliza. "Mimi ndiye wa kukushukuru, mntanami, mwanangu. Begi ni zito."

Akapanda basi.

Wiki iliyofuata chumba cha mbele kilipata mpangaji mpya, mwanamume na mkewe. Walitusalimia vizuri. Usiku wao wa kwanza tulikula chakula chetu bila mazungumzo, sote watatu tukisikiliza wanazungumza lugha gani upande wa pili wa ukuta.