Kaburi Halihami

Mzee Yustus Kashaija wa Chonyonyo hakuwahi kusoma siasa, lakini alikuwa mhafidhina kuliko wengi wanaolitamka neno hilo kwa fahari. Imani yake ilikuwa moja: kitu kilichowafaa babu zako usikiondoe mpaka ujue kilikuwa kinazuia nini. Hakukataa kila kipya. Mbegu mpya ya kahawa aliijaribu kwenye pembe moja ya kibanja chake, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, akaingoja izae, ndipo akaongeza. Bwana shamba alipowashauri wanakijiji wang'oe migomba ya zamani yote kwa mkupuo, yeye alikataa. Njaa ilipowashika majirani, walikuja kwake na vikapu vitupu, akawapa ndizi bila kuwasimanga. Tangu hapo neno lake likawa zito.

"Kibanja si changu," alizoea kusema. "Ni cha waliolala humu na cha ambao hawajazaliwa. Mimi ni mlinzi tu."

Waliolala humu walikuwa baba yake, babu yake na mkewe, wote chini ya migomba. Kwetu kaburi ndilo hati ya shamba. Mtu akizika wake mahali, hapo pamekuwa kwake.

Mwaka 1986 akafa Mukandekezi. Yeye na mumewe, Anastazi Harerimana, walitoka Rwanda wakiwa vijana, na maisha yao yote walimlimia Kashaija, wakikaa kwenye kibanda pembeni mwa kibanja. Mke wa Kashaija alipofariki kwa uzazi, Mukandekezi ndiye aliyemnyonyesha yule mtoto, Kokuhirwa, pamoja na mwanawe mwenyewe.

Harerimana alikuja asubuhi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole sana, Anastazi. Mbao za jeneza nimekwisha agiza."

"Mungu akubariki. Naomba na mahali pa kumlaza. Hapo nyuma ya kibanda tu."

"Hapana. Atazikwa rweya."

Rweya ni nyika ya malisho nje ya vibanja. Huko hufukiwa wasio na kwao. Kokuhirwa, sasa msichana mkubwa, alitoka jikoni mbio.

"Baba! Mimi nimekua kwa maziwa yake!"

"Najua. Ndiyo maana nimeagiza mbao nzuri."

"Unampa mbao, unamnyima udongo?"

"Mbao huoza. Kaburi halihami. Kesho mwanawe atasema, mama yangu amelala hapa, hapa ni kwetu."

Byarugaba, mdogo wake Kashaija, alikuwa amekaa barazani. Akacheka kwa uchungu.

"Kaka, mbwa wako ulimfukia humu humu."

"Mbwa hana mtoto wa kunipeleka baraza la wazee."

Harerimana akapiga magoti.

"Mzee, sitaki shamba. Nitakuapia mbele ya mchungaji."

"Nakuamini, Anastazi. Lakini kiapo chako utakufa nacho, kaburi litabaki."

Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Hasira ya mtu huweza kupoa. Huyu hakuwa na hasira.

Mazishini alitimiza kila wajibu. Alikataza jembe lisiguse ardhi ya ukoo wake siku za msiba. Alibeba jeneza begani mpaka rweya, akachimba kwenye mawe pamoja na vijana, akaimba tenzi zote bila kuangalia kitabu. Watu walimsifu.

Waombolezaji walipoanza kutawanyika, Harerimana alitoa mche wa mramura chini ya koti, akaupanda kichwani mwa kaburi. Mramura ndio mmea tunaowekea mipaka ya mashamba. Haufi kwa jua wala kwa moto. Kashaija akageuka, akauona. Alirudi, akainama, akaung'oa. Akakung'uta udongo kwenye mizizi taratibu, kama mtu anayesafisha kiazi, akamkabidhi.

"Mramura ni mpaka," alisema. "Rweya ni ya ng'ombe wa kijiji kizima. Haina mpaka."

"Nitamjuaje alipo, mzee?"

"Mungu anamjua."

Kokuhirwa alikaa chini kwenye majani, akakataa kushikwa mkono. Baba yake hakumlazimisha. Alimgeukia Harerimana.

"Msiba ukiisha uje mapema. Palizi ya kahawa imechelewa."

Harerimana alitazama mche uliokuwa mkononi mwake.

"Ndiyo, mzee," alisema.

Wachungaji, waliokuwa wamewazuia ng'ombe kwa heshima ya marehemu, wakawaachia.